Asubuhi Tisa za Kusukumwa

Jumamosi moja alfajiri nilikwenda Marikiti, lile soko la mboga la Nairobi, kununua vitunguu. Gunia likaingia kwenye buti, nikaketi, nikazungusha ufunguo. Taa za dashibodi ziliwaka, redio ikaimba, lakini stata kimya. Hata ule mlio mdogo wa "tk" haukusikika.

Sasa, Marikiti si mahali pa kuharibikiwa na gari. Nilikuwa nimeegesha pale mikokoteni inapopita, na mtu anayevuta mkokoteni wa kabeji hana breki wala subira. "Mzee, toa hiyo gari!" Wakaja wanaume sita, wakasukuma mpaka mishipa ya shingo ikawasimama. Gari halikusogea hata inchi moja, maana giya ilikuwa kwenye P, ile ya kuegesha. Mmoja akanifokea niweke nyutro. Nikaweka, tukaanza kwenda, na mkono wangu, kwa mazoea tu, ukazungusha ufunguo.

Likanguruma!

Wale sita walishangilia utadhani wamefunga bao dakika ya 90. Kila mmoja alidai mia moja. Shilingi 600 zikanitoka, na nikasema asante mara mbili.

Hapo ndipo ujinga wangu ulipoanza rasmi. Nilijiambia: gari likiwaka kwa kusukumwa, basi betri imekufa. Siku hiyohiyo nikanunua betri mpya kwa shilingi 11,500. Muuzaji akaifunga, akawasha, gari likaitika papo hapo. (Nilikuwa nimeliacha kwenye nyutro na handibreki juu, lakini nani alikuwa anaangalia hayo?) Nikarudi nyumbani Umoja nikiimba.

Jumapili asubuhi, kimya.

Nikamwita soja, mlinzi wa ploti yetu, naye akaita vijana wawili wa bodaboda waliokuwa wakisubiri abiria getini. Nyutro, sukuma, zungusha ufunguo, ngurumo. Shilingi 50 kila mmoja. Kesho yake hivyohivyo. Keshokutwa walinikuta wao, mikono tayari kwenye buti. Jioni walinisukuma walinzi wa kazini, ambao walikubali kulipwa soda.

Kila mtu alikuwa na jawabu lake. Jirani wa juu alisema ni stata. Jirani wa chini alisema ni pampu ya petroli. Mwingine aliniuliza kwa sauti ya chini kama nina ugomvi wa shamba na mtu yeyote kule nyumbani. Soja yeye alikuwa ameshatoa uamuzi: "Bosi, hii gari imezoea kubembelezwa." Mama watoto ndiye aliyeuliza mbona siku hizi ile P ya kwenye dashibodi haiwaki. Nikamjibu, kwa sauti ya mtu anayejua magari, kwamba hiyo ni balbu.

Asubuhi ya tisa, baada ya kuwalipa wale watatu jumla ya shilingi 1,350, nikaona heri nipeleke gari Grogan, kwa mafundi wa magari. Fundi alikuwa kijana mdogo, ovaroli imelowa oili mpaka magotini. Nikamweleza kwamba gari halina neno, ila linapenda kusukumwa kidogo asubuhi.

"Ni manyuali?"

"Otomatiki."

Akaweka spana chini polepole. Akaingia, akakanyaga breki, akavuta giya mpaka N, yaani nyutro, akazungusha ufunguo. Ngurumo. Akachungulia nyuma ya gari kupitia dirishani.

"Mzee, sasa huyo aliyesukuma yuko wapi?"

Akanieleza, na sikutaka mafundi wengine wasikie, ila walisikia. Giya ya otomatiki hufanya kazi kwa presha ya oili, na pampu ya oili hiyo huzungushwa na injini yenyewe. Injini ikiwa imezimika, unaweza kusukuma gari kutoka Umoja hadi Mombasa na magurudumu hayataizungusha. Kilichokuwa kikiliwasha ni stata yangu mwenyewe, siku zote tisa. Kando ya giyaboksi kuna swichi inayojua giya iko wapi, na hairuhusu umeme kufika kwenye stata ila giya ikiwa P au N. Akachomeka nyaya za mita kwenye swichi. Kwenye N, mita ikalia. Kwenye P, kimya. Kwenye R pia kimya, na kumbe ndiyo maana taa za rivasi nazo zilikuwa zimelala bila mimi kujua.

Alipoifungua, tuliona kutu ya kijani ndani.

"Uliosha injini na maji ya presha?"

Nilikuwa nimeiosha. Wiki moja kabla ya Marikiti. Nilimwongezea kijana wa kaoshi pesa ili asiache kona hata moja.

Akafunga swichi nyingine iliyotoka Japani na gari kuukuu, akalegeza bolti mbili, akalinganisha alama yake giya ikiwa kwenye N, akakaza. Shilingi 2,500 na kicheko cha bure.

Asubuhi iliyofuata nilitoka mapema, nijifiche. Wapi! Watatu wale walikuwa wameshajipanga nyuma ya buti. Nikaketi, nikaacha giya kwenye P, nikazungusha ufunguo kabla hawajaligusa gari. Likawaka.

Soja akaja dirishani, meno yote nje.

"Umeona, bosi? Sasa ikituona tu, inawaka."

Akanyoosha mkono. Nikalipa.