Shule zikipigwa na mafuriko, hela ipite wapi?

Huku kusini mwa Tanzania kila mvua zikiharibu shule ubishi ni ule ule, eti hela ya serikali iende moja kwa moja kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule au ianzie halmashauri. Mi niko Kilwa na kiukweli sioni upande wa kuudharau.

Mafuriko ya Januari 2020 nilikuta mwalimu anaanika vitabu kwenye mkeka, kurasa zimegandana, akizibandua zinachanika, na ukutani tope limeacha mstari usawa wa kitasa. Siku ile hakuhitaji darasa jipya, alihitaji vitabu, chaki na choo kilichotitia kichimbwe upya, sasa hivyo navyo usubiri vikao? Ruzuku ya serikali kwa shule za msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu, haifiki hata shuleni. Watoto 400 ni milioni 4, wakati kujenga darasa moja tulizoea kusikia milioni 20. Wazazi nao hawana cha kuchanga, kimbunga Hidaya kilikuja Mei 2024, hela ya korosho ishaliwa, ufuta bado uko shamba, barabara ya Dar imekatika Somanga. Saruji tunayo hapo Mtwara, mabati ndo yako ng'ambo ya maji!

Ila wanaotaka hela ibaniwe halmashauri wana mfano mzito. Baada ya tetemeko la Kagera 2016, Magufuli aliwatumbua viongozi wa mkoa kwa tuhuma za kufungua akaunti yenye jina linalofanana na ile ya maafa. Kama ngazi ya mkoa ilisemwa hivyo, kijijini nani atakagua? Halafu kuna suala la injinia, maana ukimwachia fundi wetu atarudishia ukuta pale pale bondeni na masika yajayo tunaanza upya.

Kwa hiyo mi naona majengo yabaki halmashauri, hata yakichelewa, lakini hela ndogo ya wiki ya kwanza ishuke shuleni fasta, risiti zibandikwe kwenye ubao wa matangazo kila mtu asome. Sema na hapo kuna mtihani, wajumbe wa kamati nao ni wahanga. Mwenyekiti wa shule ile nilimkuta kwake anapandisha magodoro darini huku maji yanamfika magotini, akaniuliza kama nina namba ya mwenye boti.