Msiizime Rada ya Kushushia Ndege

Kila inapotajwa habari ya kutua kwenye ukungu siku hizi, mazungumzo huishia kwenye setilaiti na kompyuta zilizomo ndani ya ndege. Sina ugomvi na setilaiti. Ugomvi wangu ni na wale wanaosema rada ya kushushia ndege, ile ambayo mwongoza ndege hukaa ardhini akimwelekeza rubani kwa mdomo, imepitwa na wakati na inafaa kuuzwa kama vyuma chakavu.

Rada hiyo hutazama ndege kwa namna mbili. Antena moja hufagia kushoto na kulia, ionekane kama ndege imekaa sawa na mstari wa katikati wa njia ya kutua. Nyingine hufagia juu na chini kupima mteremko, ambao kwa kawaida ni wa digrii 3. Mwongoza ndege huona picha zote mbili kwenye skrini, kisha huanza kusema: "Uko kulia kidogo ya mstari. Geuka kushoto, shika mwelekeo wa 268. Mteremko ni sawa." Rubani hajibu. Ameshaambiwa mapema asijibu, ili maneno yasikatizwe. Na yakikatika kwa sekunde 5 katika hatua hiyo ya mwisho, rubani anatakiwa achukulie kwamba mawasiliano yamepotea na afuate utaratibu wa akiba aliopewa. Yaani katika mfumo huu hata kimya kina maana yake, na maana hiyo inajulikana kabla ndege haijaanza kushuka.

Sasa tazama kinachohitajika ndani ya ndege: redio inayofanya kazi. Basi. Hata dira ikiharibika, mwongoza ndege humwambia rubani "geuka kushoto", humwangalia kwenye rada, kisha humwambia "acha kugeuka". Akili yote ya mfumo iko ardhini. Ndege ndogo, ndege ya kizamani, ndege iliyopoteza nusu ya vifaa vyake njiani, zote zinahudumiwa sawasawa.

Wazo hili lilizaliwa kwenye Vita Kuu ya Pili ya Dunia, katika maabara ya rada ya chuo cha MIT nchini Marekani, chini ya mwanafizikia Luis Alvarez, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1968 kwa kazi nyingine kabisa. Uingereza, mmoja wa maofisa wa jeshi la anga walioufanyia kazi mfumo huo alikuwa Arthur C. Clarke. Ndiye huyo huyo aliyeandika mwaka 1945 kwamba setilaiti zingeweza kuwekwa juu ya Dunia kupitisha mawasiliano. Hakuona haja ya kuchagua kimoja na kukidharau kingine.

Mtihani mkubwa ulikuja Berlin mwaka 1948, Wasovieti walipofunga njia za nchi kavu na jiji likalishwa kwa ndege. Tarehe 13 Agosti mawingu yalishuka sana juu ya uwanja wa Tempelhof. Ndege moja ilianguka na kuungua, nyingine zikapata ajali wakati wa kutua, na zilizobaki zikarundikana angani zikizunguka. Jenerali William Tunner, msimamizi wa safari hizo, aliyekuwa mmoja wa waliokwama huko juu, aliagiza nyingine zirudi zilikotoka. Kisha akaweka sheria: kila ndege ina nafasi moja tu ya kutua, ikishindwa irudi na mzigo wake. Nalitaja hili kwa sababu wapenzi wa rada husimulia Berlin kana kwamba rada peke yake ndiyo iliyoliokoa jiji. Bila nidhamu ile ya foleni, rada ingekuwa inaonyesha vurugu tu.

Najua kwa nini ILS, mfumo wa mawimbi ya redio yanayotumwa kutoka uwanjani na kupokewa na kifaa cha ndani ya ndege kinachomwonyesha rubani njia ya kutua, ilishinda. Mwongoza ndege wa rada hushusha ndege moja kwa wakati mmoja, naye huchoka. Mawimbi ya rada hiyo, ya sentimita 3 hivi, husumbuliwa na mvua kubwa. ILS hutuma mawimbi yake usiku na mchana bila mtu kusema neno, na ndiyo iliyofungua njia ya ndege za abiria kutua zenyewe. Ndege aina ya Trident ilifanya hivyo Heathrow mwaka 1965. Shirika la ndege lenye safari mia kwa siku haliwezi kurudi kwenye mfumo wa kuongozwa kwa mdomo, wala sitaki lirudi.

Lakini akiba ni jambo jingine. Mwezi Aprili 2024 Finnair ilisitisha safari za Tartu, Estonia, kwa mwezi mzima, kwa sababu GPS ilikuwa ikivurugwa na utaratibu wa kutua pale uliitegemea. Ndege zilikuwa nzima, marubani wako tayari, uwanja upo. Ni kweli kwamba tatizo la Tartu lilitatuliwa kwa vifaa vingine vya ardhini, si rada. Ila vifaa vya namna hiyo vinadai kipokezi chake ndani ya kila ndege, ilhali rada ya kushushia ndege hupatikana hata ya kubebwa kwa lori, na haimdai rubani kitu asichokuwa nacho.

Kwangu, gharama yenyewe si mtambo. Ni ulimi wa mwongoza ndege. Kushusha ndege kwa maneno ni ufundi unaokufa usipotumika, na ukishakufa rada nzima yenye umeme wake haimfai mtu. Kwa hiyo viwanja vya kijeshi ambavyo bado vina rada hizi vifungue mlango kwa ndege za kiraia zinazotaka kufanya mazoezi, tena mchana kweupe, rubani akiona njia ya kutua mbele yake na mwongoza ndege akiongea kana kwamba haionekani. Wote wawili wajaziwe hesabu ya mazoezi hayo kwenye vyeti vyao, na atakayepungukiwa asiruhusiwe kuifanya kazi hiyo siku ukungu utakapokuwa wa kweli.