Jiwe lililoharibika ndilo daftari la mwanagenzi

Makumbusho hupenda kuweka mbele kazi ya fundi wa kale wa zana za mawe: wembe mrefu wa gumegume, jiwe gumu linalopasuka kwa makali, umenyooka, hauna kasoro. Ukitaka kujua watoto wa kale walifunzwaje, omba uonyeshwe mawe yaliyoharibika.

Pale Étiolles, kando ya mto Seine kusini mwa Paris, wawindaji walipiga kambi takriban miaka 15,000 iliyopita. Wataalamu wameokota vibanzi vya mawe na kuvipachika tena kimoja kimoja hadi mfuatano wa mapigo ukaonekana. Fundi alisugua ukingo kwanza, akachonga kinundu cha kugonga, kisha akapiga karibu kabisa na ukingo kwa nyundo laini ya pembe ya mnyama. Nyembe nyingine zilizidi sentimita 30.

Mwanagenzi alijua wembe unavyotakiwa kuwa, lakini aliruka maandalizi. Akapiga ndani mno, nguvu ikaishia njiani, kibanzi kikakatika na kuacha ngazi kwenye uso wa jiwe. Dawa ya ngazi ni kugeuza jiwe na kuibandua kutoka upande wa pili. Yeye akarudia palepale, ngazi juu ya ngazi, ukingo ukasagika, na pembe kati ya sehemu ya kugongea na ule uso ikafika nyuzi 90. Jiwe la namna hiyo limekwisha, hata kwa fundi.

Katika mojawapo ya makazi ya Étiolles, kazi bora ilikuwa karibu na meko na kazi mbovu mbali nayo. Wanagenzi walipewa mawe madogo, yenye kasoro, au masalia ya mafundi. Wapo wanaosema watoto walikuwa wakicheza tu. Sikubali. Gumegume zuri lilipatikana jirani, kwa hiyo kumpa mtoto jiwe baya na kumkalisha pembeni kulikuwa uamuzi wa wakubwa, yaani mafunzo yenye utaratibu.

Tatizo ni umri. Jiwe haliutaji, na mtu mzima anayeanza hukosea vilevile. Udongo una msaada kidogo: sanamu ya mwanamke ya Dolní Věstonice, nchini Cheki, iliyofukuliwa mwaka 1925, ina alama ya kidole inayodhaniwa kuwa ya mtoto. Hata hiyo inathibitisha tu kwamba aliishika kabla haijachomwa. Huenda alitumwa kuipeleka motoni.