Zilipendwa Zilitungwa Uani

Redio ikipiga zilipendwa, mtangazaji hutaja bendi, mwimbaji na mpiga solo, kisha anauachia wimbo. Wanastahili kutajwa, na wengi wao walikufa bila kufaidi walichokifanya. Lakini mimi nimekulia Kariakoo ya miaka ya 1960, na kabla wimbo haujafika kiitikio, nishaiona ile nyumba tuliyokaa.

Waliozaliwa ghorofani huenda hawaijui nyumba ya Kiswahili ilivyopangwa. Mbele baraza. Mlango wa mbao, halafu ukumbi mrefu unaokata nyumba katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto. Nyuma uani: jiko, bafu, choo, pipa la maji, kamba za kuanikia nguo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki akapangisha kimoja kimoja. Kijana aliyeshuka kutoka Kilwa au Tabora alitakiwa awe na kodi ya chumba kimoja tu, na mtu wa kwao wa kumtambulisha. Basi. Kesho yake anakunywa kahawa barazani na wenyeji, wiki ijayo ameshapata wa kucheza naye bao.

Ndivyo wanamuziki walivyoingia mjini. Majina ya bendi yenyewe yanasema: Kilwa Jazz, Rufiji Jazz, na Western Jazz iliyoanza 1959 na kuchukua jina la magharibi walikotoka waanzilishi wake. Walikuwa wageni wa mji waliotafutana, wakapata chumba, wakapata na bendi. Muziki wenyewe ulikuwa rumba na chacha iliyotoka Kuba kwa njia ya santuri, ikakaa mitaani kwetu mpaka ikaongea Kiswahili. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kikaunda bendi yake na kuwalipa wanamuziki mshahara. Sijui kama vijana wa leo wanaelewa uzito wa jambo hilo: mpiga gitaa ana mshahara kama karani.

Magitaa ya umeme, ngoma na spika vilikuwa mali ya bendi na vililala klabuni. Mwanamuziki alirudi nyumbani na kichwa chake tu, pengine na gitaa kavu. Kwa hiyo wimbo ulianzia nyumbani, mbele za watu, kwa sababu nyumba ile haikuwa na mahali pa kujificha.

Nyumbani kwetu mpangaji mmoja alikuwa mwimbaji. Baada ya dansi aliamka jua limeshapanda, akatoka uani na kikoi chake, akaikalia mbuzi ya kukunia nazi kama hakuna anayeihitaji, akaanza kuimba kwa sauti ya chini. Wanawake walikuwa kazini, huyu anapepeta mchele, huyu anapara samaki. Kwa siku kadhaa alikuwa na wimbo wa kumlaumu mke aliyeondoka. Bibi mwenye nyumba alimsikiliza mpaka akachoka, akaweka ungo chini.

"Baba, huyo mke unamtaja makosa tu. Hakuna jema alilokutendea hata siku moja? Watu watasema ulimfukuza wewe."

Yule kaka hakujibu. Aliondoka kwenye mbuzi, maana nazi zilikuwa zinangoja, akaenda kuegemea ukuta wa jiko. Alipoanza tena, ubeti wa pili ulikuwa na mke aliyemuuguza homa usiku kucha. Sikuwa na umri wa kuelewa mapenzi, ila hata mimi niliona wimbo umebadilika: sasa ulikuwa unauma.

Mambo hayo yalitokea nyumba nyingi. Beti zilipimwa na watu waliojua lugha, wazee wa barazani walioshika mashairi kwa moyo na wanawake wa uani waliokulia kwenye vyama vya ngoma na taarabu. Neno likilegea, lilirudishwa. Wimbo ulipofika ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, au studio ya Redio Tanzania, ulikuwa umeshapita kwa wahariri ambao hakuna santuri iliyoandika majina yao. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alikuwa wa Morogoro, lakini alipofariki 1965 Kariakoo ililia kama imefiwa na mtoto wa mtaa, kwa sababu nyimbo zake nazo ziliimbwa uani mpaka zikawa zetu.

Sitaki kuisafisha enzi ile kupita kiasi. Tulifuata choo kwa zamu, mvua zikija Jangwani palijaa maji, na umbea ulisafiri haraka kuliko barua. Kubwa zaidi ni la Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, ianze rasmi Januari 1969. Makundi ya vijana hayakungoja Januari. Wanawake walishambuliwa Kariakoo mchana kweupe, wakashushwa kwenye mabasi na kuchaniwa nguo. Mtaa uliowapa wasichana nafasi ya kucheza dansi ndio uliowaadhibu kwa nguo walizochezea. Mwaka 1969 muziki wa soul nao ukapigwa marufuku jijini. Anayesimulia utamu wa miaka ile asiliruke hili, maana waliochaniwa nguo walikuwa dada zetu.

Hata hivyo nyumba ziliendelea kuimba miaka mingi baadaye. Kilichozimaliza ni bei ya kiwanja. Biashara huria ilipofunguka, kiwanja cha Kariakoo kikawa na thamani kuliko nyumba iliyosimama juu yake. Mwenye kiwanja akaingia ubia na mwenye mtaji, ghorofa likapanda, chini maduka, juu stoo za mizigo. Siwalaumu warithi. Familia yenye watu wengi na nyumba moja ya urithi itafanya nini? Ninalolaumu ni kwamba hakuna aliyeona kuna kitu cha kuhifadhi. Karibu na bahari, Boma la Kale na kanisa la Azania Front vimetunzwa, na ni vizuri. Nyumba ya Mwalimu Nyerere Magomeni ni makumbusho, nayo ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida kabisa. Kwa hiyo tunajua inawezekana. Kariakoo inastahili walau moja, isiyokuwa ya kiongozi, yenye vyumba sita, baraza na uani wake.

Ningependa wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi wapewe kazi ya kupima na kupiga picha nyumba chache zilizobaki, ukumbi kwa ukumbi, kabla mkataba wa ghorofa haujasainiwa. Na redio zinapowahoji wanamuziki wakongwe waliobaki, baada ya kuuliza nani alipiga solo, ziwaulize pia walipanga mtaa gani, nyumba ya nani, na nani aliwaambia kwamba ubeti wa pili haufai.