Sola Mtwara na Lindi: mauzo yanapanda, ajira je?

Julai mwaka jana nilifuatana na fundi mmoja wa sola hadi kitongoji kimoja cha Tandahimba. Aliitwa na mama ambaye taa zake zilikuwa zinazima saa tatu usiku, na jirani alishamwambia kwamba betri imekufa. Betri mpya si pesa ndogo kwa mkulima anayesubiri mnada wa korosho mwezi wa kumi. Fundi hakuigusa betri kwanza. Alipanda juu ya bati, akapitisha kidole kwenye paneli, akanionyesha: kidole kimekuwa cha njano. Ilikuwa salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Nyumba imezungukwa na mikorosho, na kwa wiki kadhaa watu walikuwa wanapuliza. Umande wa alfajiri ukaigandisha ile salfa juu ya kioo kama rangi. Akaomba ndoo ya maji na kitambaa. Alipomaliza kufuta akakata tawi lililokuwa linatupa kivuli kwenye kona ya paneli kila mchana, akashuka, akakaza nyaya mbili zilizolegea kwenye kontrola, kifaa kinachosimamia chaji ya betri, akapima kwa mita.

Kazi nzima ilichukua kama dakika arobaini. Mama alifurahi, akamfungashia mihogo. Pesa hakutoa, na wala fundi hakudai, kwa sababu hakuna kifaa kilichouzwa. Kwa macho ya mteja, kijana wa watu alikuwa amefuta vumbi tu. Nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi ilitoka mfukoni mwake.

Kila ninaposikia mjadala wa ajira za sola katika mikoa yetu, narudi kwenye lile bati.

Hoja inayotembea sasa ni kwamba jua ndiyo ajira mpya ya vijana. Si hoja ya kubuni. Shirika la Kimataifa la Nishati Jadidifu, IRENA, lilihesabu ajira milioni 16.2 za nishati jadidifu duniani kwa mwaka 2023, na milioni 7.1 kati ya hizo zilikuwa za umeme wa jua. Hakuna chanzo kingine cha nishati jadidifu kinachoikaribia sola kwa kuajiri. Bei ya paneli nayo imeanguka kwa takribani asilimia 90 tangu mwaka 2010, ndiyo maana leo unaikuta paneli kwenye banda la kinyozi, kwenye kibanda cha kuchajia simu, hadi juu ya nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa bati jipya baada ya msimu mzuri.

Lakini tuzifungue hizo takwimu. Kati ya ajira milioni 7.1, kama milioni 4.6 ziko China. Huko ndiko paneli zinakotengenezwa, na sehemu kubwa ya kazi za sola duniani ni kazi za kiwanda. Anayenunua paneli Masasi ananunua kitu ambacho mishahara yake mingi imeshalipwa kwingine. Kinachobaki kwetu ni usafirishaji, uuzaji, ufungaji na matengenezo.

Na hata ufungaji wenyewe una fumbo lake. Marekani wana sensa ya kila mwaka ya wafanyakazi wa sola. Mwaka 2016 ilionyesha watu wapatao 260,000, na mwaka huo nchi ilifunga karibu gigawati 15 za sola. Mwaka 2023 walifunga zaidi ya gigawati 32, yaani zaidi ya mara mbili, ilhali wafanyakazi walikuwa kama 279,000. Katikati hapo idadi iliwahi hata kushuka. Sababu zinaeleweka: mitambo imekuwa mikubwa, paneli moja inatoa wati nyingi kuliko zamani, vifaa vinakuja vimeshaunganishwa, na timu iliyozoea inafanya kwa siku moja kazi iliyokuwa ikichukua siku tatu. Sola ikikua mara mbili, ajira haikui mara mbili. Jambo hili linatuhusu hata sisi ambao mitambo yetu mingi ni ya taa nne na redio.

Wenye matumaini wana ushahidi wao, na ningekuwa mwongo kama ningeupuuza. Jua lipo. Nchi yetu inapata kati ya saa 2,800 na 3,500 za jua kwa mwaka, kiasi ambacho Wajerumani, waliojaza paneli kwenye mapaa yao, hawana. Halafu kuna mfano wa wanawake wa vijijini wa Mtwara na Lindi waliopelekwa chuo cha Barefoot pale Tilonia, Rajasthan, nchini India. Chuo kile kilichukua akina mama, wengi wao bibi wenye wajukuu na wasio na elimu kubwa ya darasani, kikawafundisha kwa miezi 6 kufunga na kutengeneza sola, kwa kuonyeshana vitendo na rangi za vifaa badala ya vitabu. Falsafa yake ni kwamba kijana ukimpa cheti ataondoka kwenda mjini, bibi atabaki kijijini. Napenda namna walivyouliza swali. Hawakuuliza ni nani anayejifunza haraka. Waliuliza ni nani atakayekuwepo betri itakapokufa.

Soko pia halijaisha. Serikali imefikisha nguzo karibu vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, na sasa kazi iko kwenye vitongoji, ambavyo ni zaidi ya 64,000. Nguzo kufika kijijini hakumaanishi taa kuwaka kwa kila mtu. Kwetu huku kijiji kinaweza kuwa na umeme barabarani na giza mashambani, kilomita tatu tu ndani, ambako watu wanalala miezi mizima wakilinda mikorosho. Wavuvi wa dagaa wa Kilwa na Lindi wanataka taa zisizokula mafuta. Miradi ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, inafunga pampu za sola. Na mjini, anayeuza samaki wa barafu ameshaujua mgao kwa miaka mingi kiasi kwamba kwake sola ni bima.

Upande wa pili nao una uzito, na mimi unanielemea zaidi.

Angalia nani hasa anahesabiwa kuwa ameajiriwa. Wengi wa vijana wanaovaa fulana za kampuni za sola ni mawakala wa kamisheni. Analipwa akiuza, mwezi asipouza, hana kitu. Anauziwa ndoto ya kazi, anaanza na ndugu na majirani, akiwamaliza hao anaanza kuhangaika. Mitambo yenyewe inauzwa kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo kwa simu: ukilipa inawaka, usipolipa inajifunga. Mfumo huu ulibuniwa kwa mtu anayeshika pesa kila siku, kama mwenye genge au bodaboda. Mkulima wa korosho hashiki pesa kila siku. Anapeleka mzigo AMCOS, chama chake cha ushirika, unaingia ghalani, unasubiri mnada, malipo yanaingia kati ya Oktoba na Januari, na kwa wengi hiyo ndiyo pesa ya mwaka. Ifikapo Mei mtambo umejifunga. Wakala aliyemuuzia anakatwa au anafokewa kwa sababu wateja wake hawalipi. Hapo hakuna aliyefanya uvivu. Ratiba ya mkopo na ratiba ya mkorosho hazikuwahi kukaa meza moja.

Kampuni kubwa zenyewe si mwamba. Mobisol ya Ujerumani, iliyokuwa na wateja Tanzania, Kenya na Rwanda, iliingia kwenye ufilisi mwaka 2019, kisha ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa. Kampuni ikiyumba Berlin, anayejibu maswali ya mteja ni kijana wa kijijini ambaye hata mkataba hana.

Kuna pia gridi. Kuunganishiwa umeme vijijini ni Sh 27,000. Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Umeme wa gridi ukitulia, soko la taa ndogo za sola litasinyaa, na ni vyema lisinyae. Sitamwombea mtu giza ili fundi apate kazi. Na mitambo mikubwa ya sola inayoingiza umeme kwenye gridi, kama ule wa Kishapu, Shinyanga, wenye awamu ya kwanza ya megawati 50 kati ya 150, huajiri mamia wakati wa ujenzi. Ujenzi ukiisha wanabaki wachache: walinzi, wasafishaji, na mafundi wa kuhesabika kwa vidole.

Watu wa kusini tunalijua somo hili kwa maumivu. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ya Mnazi Bay mwaka 1982. Mei 2013 Mtwara iliwaka kwa sababu ya bomba la kwenda Dar es Salaam, na damu ikamwagika. Katika miaka ile vijana wetu waliingia vyuoni kusomea uchomeleaji na kazi za mafuta na gesi, wakiambiwa kiwanda cha kusindika gesi kinakuja Likong'o, Lindi. Wananchi wa pale wamelipwa fidia wakapisha eneo. Kiwanda bado hakijajengwa. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa ana zaidi ya 30, na cheti chake kiko kwenye begi chini ya kitanda. Huyo ukimwambia ajira sasa zinatoka kwenye jua, anakuangalia tu.

Kwa hiyo nasimama wapi? Naamini kazi ya sola kusini ipo, ila tunaihesabu kwenye kifaa kisicho chake. Paneli nzuri inaishi miaka 25. Betri ya risasi inayotumika majumbani mwetu inaishi miaka miwili hadi minne, na ikikaushwa kila usiku haifiki hapo. Maana yake juu ya bati moja, paneli ileile itazika betri saba au nane. Ongeza chumvi ya bahari inayokula nyaya Mikindani na Msimbati, ongeza salfa ya Tandahimba na Newala, ongeza mawingu ya masika yanayowakuta watu wakiwa wameshanunua televisheni kwa pesa ya korosho bila kuongeza paneli. Hiyo ni kazi ya miaka 25 kwa kila bati, na haiwezi kufanyiwa China.

Nitapingwa kwamba betri za lithiamu zinakuja, zinadumu hata miaka 10, na kazi hiyo itapungua. Ni kweli, na mkulima anafaidika. Lakini betri ya lithiamu ikigoma haihitaji maji ya betri. Inahitaji mtu anayeweza kufungua sakiti yake bila kuunguza nyumba. Kazi itapungua kwa asiyejua na kuongezeka thamani kwa anayejua. Ndiyo maana kozi ya wiki mbili ya kufunga taa hainipi amani. Vyuo vya ufundi vya VETA viko Mtwara na Lindi. Fundi wa sola afundishwe umeme kwa ukamilifu wake, afike kwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ili soko la sola likisinyaa aweze kufunga umeme wa gridi kwenye vitongoji vilevile. Chuo kikifundisha sola peke yake, kinamrudishia kijana kosa lile la gesi.

Tatizo gumu zaidi ni nani alipie kufuta salfa. Kuna wanaopendekeza AMCOS zikate kiasi kidogo kwa kila kilo kuchangia mfuko wa matengenezo. Wazo lina mantiki, kwa sababu linaifuata pesa inapopatikana. Mimi siliafiki. Korosho ina makato ya kutosha, na mkulima anayeongezewa kato asilolielewa ataichukia sola pamoja na fundi wake. Afadhali tuanze na walio na bajeti. Zahanati na shule nyingi za vijijini zina paneli juu ya paa. Mtambo ulikuja na mradi, mradi ukaondoka, fungu la betri halipo, na mkunga anazalisha kwa tochi ya simu. Halmashauri ikiingia mkataba wa mwaka na kikundi cha mafundi wa tarafa, tayari kuna mshahara wa chini. Kikundi hichohicho kinaweza kukopa vifaa kupitia asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vyombo vya maji vya jamii navyo vinakusanya pesa ya maji, na pampu ya sola ikisimama ndoo zinapanga foleni siku hiyohiyo; hapo hakuna anayesema fundi kafuta vumbi tu.

Kampuni nazo, zikitaka wateja wa kudumu huku, zipange marejesho yafuate mnada: kikubwa Novemba hadi Januari, kidogo sana au hakuna kabisa Aprili hadi Agosti.

Yule fundi wa Tandahimba ana daftari la shule, la kurasa 96. Kila betri aliyowahi kufunga ameiandika: kitongoji, jina la mwenye nyumba, aina, tarehe. Jioni ile, tukila mihogo ya yule mama, alinionyesha ukurasa wenye betri 11 zinazotimiza miaka mitatu kati ya Oktoba na Desemba. Alikuwa anapanga kuzipitia zote mnada wa kwanza ukishalipa, kabla hazijazima na kabla pesa haijaisha.