Mbao za Mjozi Mweusi Zisipikwe kwa Mvuke

Mjozi mweusi, ambao wataalamu huuita Juglans nigra, ni mti wa asili wa mashariki ya Marekani, na tangu nianze useremala huku Ohio sijashika mbao zilizoniridhisha kama zake. Kinachonisikitisha ni kwamba viwanda vingi huzipunguzia uzuri kabla hazijamfikia fundi.

Gogo la mjozi lina kiini cha kahawia na weupe unaokizunguka chini ya gome. Kwa kuwa wanunuzi huukataa weupe huo, viwanda huziingiza mbao mbichi katika chumba cha mvuke ili weupe ukolee rangi na mbao nyingi zaidi ziuzwe kwa daraja la juu. Faida ya mwenye kiwanda naielewa, lakini mvuke huohuo hukifubaza kiini chenyewe, kikabaki kahawia tupu.

Mwezi uliopita nilipiga randa ubao wa inchi mbili uliokaushwa kwa hewa bandani kwa miaka miwili, maana kawaida ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Maranda yalitoka mapana bila kukatika, na chini yake ikajitokeza michirizi ya zambarau na ya wekundu wa kutu ikikizunguka kifundo. Nilipopaka mafuta ya kitani, niliweka randa chini nikautazama tu.

Uzito wa mjozi ni wa wastani, kilo 600 hivi kwa mita ya ujazo ukiwa mkavu. Haushindani na patasi, hushika gundi vizuri, na ukishakauka hautanuki wala kupinda ovyo, ndiyo maana umetengenezewa vitako vya bunduki kwa vizazi vingi, kwa sababu kitako kikipinda hata kidogo bunduki hupoteza shabaha. Maranda yake yasitandikwe kamwe katika zizi la farasi, kwani huwasababishia ugonjwa mkali wa kwato.

Kuhusu weupe, George Nakashima, seremala maarufu wa Pennsylvania, aliuacha uonekane kwenye meza zake pamoja na ukingo wa asili wa gogo, nami nafuata njia hiyo. Mafundi wenzangu hunijibu kwamba rangi zote hizo hatimaye hufifia kwa mwanga. Ni kweli, mjozi hukwajuka kadiri miaka inavyopita ukaelekea rangi ya asali. Ndiyo sababu kila mteja anayechukua meza yangu namwomba asiiweke dirishani.