Shemeji Anataka Kuona Nyumbu

Saa kumi na moja alfajiri ya leo niko ndani ya daladala. Mguu wa kushoto uko chini, wa kulia sijui anao nani. Mkono mmoja umeshika bomba, wa pili umeshika mfuko wa suruali, na mnajua kwa nini. Simu ikatetemeka. Nikaiacha. Ikatetemeka tena. Mama aliyeegemezwa kwangu na msongamano akanigeukia na jicho la "baba, hiyo ni nini?" Ikabidi nijieleze hadharani: ni simu, mama, ni kundi la ukoo.

Ulikuwa ujumbe wa sauti. Nikausikiliza pale foleni ilipotukamata, na nikaurudia mara ya pili gari likiwa palepale. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, amefika kwao Mugumu, kule Mara, salama. Anamshukuru Mungu, anawasalimu wazee mmoja mmoja, kisha kwa dakika tatu nzima anawasimulia watu Kibaha ilivyo. "Mji ni mzuri," anasema. "Mji upo. Wenyewe ndio hawapo."

Wajomba wakacheka. Shangazi mmoja ambaye hajawahi kuvuka Singida akatuma vikatuni sita vya kulia kwa kicheko.

Sikubali. Mimi ni mkazi wa Kibaha mwaka wa kumi na moja huu, nina kiwanja, nina nyumba isiyo na dari lakini yenye geti. Kibaha si uchochoro. Ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, mkuu wa mkoa yuko hapa, analala hapa na kufanya kazi hapahapa, bahati iliyoje. Hospitali ya Tumbi tunayo, na basi likipinduka kwenye barabara hii ya Morogoro nchi nzima inatusikia kwenye taarifa ya habari: majeruhi wamekimbizwa Tumbi. Mji gani mwingine wa kilomita arobaini kutoka Dar unatajwa hivyo?

Lakini ngoja niseme ukweli, maana hapa tuko wenyewe. Mji huu naujua usiku tu. Natoka saa kumi, narudi saa tatu nikiwahi. Mbwa wangu ananitambua kwa mlio wa viatu. Siku niliyovaa kandambili alinifukuza mpaka kwa jirani. Mtoto wangu wa mwisho alishamwambia mama yake, "Yule baba wa Jumapili amekuja." Kwa hiyo shemeji alipofika Ijumaa na kuomba nimtembeze, aliomba kwa mtu aliyekuwa mgeni kuliko yeye.

Na kosa lilianzia kwenye basi. Kutoka Mara unaingia Kibaha kwa upande wa Morogoro, na shemeji si mtu wa kulala safarini, anapenda kusikiliza abiria wanaposhuka. Mmoja akasema nishushe Kwa Mfipa. Mwingine, nishushe Nyumbu. Wa tatu, Picha ya Ndege. Alipofika Maili Moja nilikokuwa namsubiri, hakunisalimia vizuri. "Shemeji! Hamkuniambia kama mnakaa mbugani."

Mimi nilikuwa nimechoka, nikacheka tu. Kumbe nimeshasaini.

Jumamosi saa mbili asubuhi nimelala usingizi wa deni la wiki nzima, shemeji amevaa, amechana nywele, simu imejaa chaji. Mke wangu akaniambia kwa ile sauti ya chini inayotoka mkiwa na mgeni: "Ni kaka yangu. Mpeleke." Tukapanda bodaboda mshikaki, dereva mbele, shemeji katikati, mimi nikining'inia nyuma kwenye kile chuma cha mizigo, baba wa watu, mtu mwenye kitambulisho cha kazi shingoni.

Tukashuka njia panda ya Nyumbu. Hatukulisogelea geti, kwa sababu mimi na geti la jeshi tuna adabu zetu. Shemeji akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Akaona duka la vifaa vya ujenzi. Akaona banda la chipsi ambalo halijafunguliwa.

"Wanatoka saa ngapi?"

"Akina nani?"

"Nyumbu."

Nikakohoa. Nikavaa sura ya mwenyeji. Nikamweleza kwamba, shemeji, hapa ni shirika la jeshi la teknolojia ya magari, na miaka ya 1980 wataalamu wetu walitengeneza lori la Kitanzania, wakalipa jina la Nyumbu. Jina likashika mpaka kituo cha daladala.

"Lori."

"Lori, shemeji."

"Mtu ametoka Mugumu, ambako nyumbu zaidi ya milioni moja wanahama kila mwaka, Wazungu wanapanda ndege kuja kuwaona wakivuka Mto Mara, wanalipa kwa dola. Mimi nimewaacha wale bure, nimekuja kuona lori."

"Si hata lori lenyewe. Ni mahali pake."

Akanyamaza kidogo. "Na lenyewe linahama?"

Kijana wa bodaboda alicheka mpaka pikipiki ikazimika. Nikamlipa ili aondoke na kicheko chake, akaomba nimwongeze kwa sababu amesubiri. Amesubiri nini? Amesubiri kunicheka!

Picha ya Ndege ndiko ninakokaa mimi, nikajua hapo nitajisafisha. Shemeji akauliza swali la kitoto kabisa: picha iko wapi? Na ni ndege gani, wa kuruka au wa kupanda? Jamani, miaka kumi na moja nashuka kituo hicho sijawahi kujiuliza. Nikamwuliza mama wa chapati. Akasema hakika ilikuwa ndege ya abiria, kwenye bango, yeye ameambiwa na mama mwenye nyumba wake. Fundi viatu akadakia kwamba si kweli, alikuwa kanga, na kanga mwenyewe alichorwa vizuri. Wakaanza kubishana. Mama wa chapati akasema kanga haruki, utamchoraje uite picha ya ndege? Fundi akasimama, kiatu cha watu mkononi, akatetea kanga kama ndugu yake. Shemeji akawauliza kwa heshima, ninyi mliiona kwa macho? Mama akasema yeye alihamia juzijuzi tu. Fundi akasema yeye kwao Mahenge. Tukamwendea mzee aliyekaa chini ya mwembe, ana kofia, ana bakora, ukimtazama unajua huyu alikuwepo kabla ya barabara. Mzee akatuitikia marahaba taratibu, akafikiri, akasema: "Wanangu, mimi nimekuja kumsalimia mkwe. Narudi kesho Kilosa."

Watu wote Kibaha wamekuja juzi. Hata mwembe ule sina uhakika nao.

Kwa Mfipa shemeji alitaka ashuke amsalimie mwenyewe. Nikamwambia Mfipa hatuna, tuna Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, imezinduliwa 2022, ya vyama sita vya ukombozi kusini mwa Afrika: CCM, ANC, SWAPO, FRELIMO, MPLA na ZANU-PF. Nilivitaja vyote bila kupumua, nikaona heshima imerudi kidogo. Akauliza kama wanakombolewa na watu wa foleni. Maili Moja akauliza ni maili moja kutoka wapi. Nikamwambia tunywe soda.

Penye elimu ndipo nilipompata. Nikampitisha Tumbi, nikamwonyesha kwa mkono mpana kama naigawa mimi: hii yote unayoiona, sekondari na vyuo vyake, ilianza na makubaliano ya 1963 kati ya Tanganyika na nchi nne za kaskazini, Denmark, Finland, Norway na Sweden. Wakaikabidhi serikali 1970. Rais mstaafu Kikwete amesoma Kibaha Sekondari. Vichwa vya nchi nzima vinakusanywa hapo. "Na wewe ulisoma hapo?" Hapana. "Watoto je?" Wako shule ya kata, wanapita nje ya uzio kila siku, harufu ya akili wanaipata.

Nikamtajia pia shule za Filbert Bayi kule Mkuza. Huyu shemeji anamheshimu, kila mtu mwenye umri anamheshimu: Christchurch, 1974, mita 1,500, dakika tatu na sekunde 32.2, rekodi ya dunia, aliongoza mwanzo mpaka mwisho. Kwa mara ya kwanza siku ile shemeji akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sikumwambia kuwa mimi umbali huo huo naukimbia kila alfajiri nikiwa na viatu vya ofisini na kibegi cha chakula, na hakuna aliyenipa medali.

Jioni tukakaa barazani. Nikatoa karata yangu ya mwisho. Shemeji, nikasema, Kibaha kuna kiwanda cha viuadudu vya kuangamiza viluwiluwi vya mbu, kimejengwa kwa utaalamu wa Wakuba. Alikuwa anajipiga shavuni wakati huo. Akajipiga na shingoni. Akaniangalia.

"Mbu?"

"Viluwiluwi, shemeji. Hawa wanaokuuma ni watu wazima."

Jumapili nililala. Siwezi kuomba radhi kwa hilo.

Jumatatu akasema anataka kuona mjini, tutoke wote. Sawa. Saa kumi kamili tuko kituoni, giza, baridi kidogo, watu arobaini wamejipanga wakijifanya hawashindani. Likaja gari la kuelekea Mlandizi. Nikamvuta shemeji mkono, tukaruka ndani, tukakaa. Siti mbili, dirishani! Nikafumba macho kwa raha. Dakika tano kimya. Kisha nikasikia pembeni yangu pumzi nzito.

"Shemeji," akasema polepole, "huku si ndiko nilikotokea?"

"Ndiko."

"Umenichoka. Ungesema tu. Hata begi langu sijachukua."

Nikamweleza kwamba tunageuza na gari. Kwenda Dar kwa kukaa, unaanza kwa kwenda Morogoro. Unalipa nauli ya kwenda usikotaka, gari linageuka Mlandizi, unalipa tena ya kwenda unakotaka, na wale uliowaacha kituoni unawapita tena wakiwa palepale, unawaangalia kwa huruma ya kitajiri. Hakunielewa. Alishika kile chuma cha siti ya mbele mpaka gari lilipogeuka kweli na akaiona Picha ya Ndege mara ya pili. Hapo ndipo alipolegea na kuomba maji.

Na ile barabara yetu ya njia nane nilitaka niisifu, Kimara mpaka Kibaha, kilomita 19.2. Mnakumbuka nyumba zilivyopigwa X nyekundu, zikavunjwa 2017, wengine mpaka leo wanakodi chumba wakiangalia lami ilipokuwa sebule yao. Barabara ni pana kweli. Foleni nayo ikajipanua, ikatoshea. Na sasa kuna treni ya SGR, tangu 2024, mtu anakaa Morogoro, anapanda kiyoyozi, chini ya saa mbili yuko Dar. Mtu wa Morogoro anafika kabla yangu! Treni yenyewe inasimama Soga, jina la wilaya ni Kibaha vilevile, lakini mimi kufika Soga kutoka nyumbani ni safari inayohitaji treni.

Pale Mbezi, wakati watu wanashuka na wengine wanapanda kwa wakati mmoja kupitia mlango mmoja, mama mmoja akapitisha ndoo juu ya vichwa, konda akipiga ubavu wa gari kwa kiganja akisema sogeeni nyuma huko mbona kweupe, shemeji aliyeketi dirishani akawatazama muda mrefu.

"Wale pale kwetu," akasema, "wanavuka kwa msimu tu. Halafu wanakula majani."

Nikajifanya nimelala.

Hilo nalo amelisema kwenye ujumbe wa sauti, dakika ya tatu na nusu, kwa wajomba wote. Nilikuwa naandaa jibu la heshima, refu, lenye mwaka 1963 na rekodi ya Filbert Bayi, konda akaja na mkono wake. Nikampa buku mbili. Chenji baadaye, mzee. Baadaye ipi? Juzi aliniambia baadaye, na mwenzake wa wiki iliyopita aliniambia baadaye. Nikizikusanya hizo baadaye zote nitaweka dari. Tena huyu wa leo anajua kabisa ninashuka wapi, anasubiri nishuke kwa haraka, halafu atapiga ubavu wa gari, twende twende. Safari hii nikasimama mlangoni, mguu mmoja chini, mmoja ndani, nikasema sishuki. Dereva akapiga honi. Yule mama aliyeegemezwa kwangu tangu Kibaha akasema, "Baba, mwachie tu, tunachelewa." Mama! Tumetoka wote mbali, nikadhani tuko upande mmoja.

Nimefika kazini saa mbili na dakika kumi na mbili. Bosi wangu anakaa Sinza. Ameangalia saa, akaniuliza kama nilikuwa safarini.